Chuma Alichokiacha Kaka

Kaka yangu alijitengenezea chuma chake mwenyewe cha mazoezi. Alipata ekseli iliyochakaa kwa fundi wa magari mtaa wa Kashaulili, mjini Mpanda, akaichomeka ncha zote mbili kwenye makopo ya rangi, akamimina saruji, akaliachia jua la kijijini kwetu Kakese likaushe. Mama alidhani ni kitu cha kushindilia udongo. Alipomwona anakinyanyua juu ya kichwa na kukirudisha palepale kilipokuwa, alimwuliza kama ana homa.

Mimi niliingia kwenye mazoezi kwa sababu ya bega. Nilikuwa natoka sokoni kuuza mchele, bodaboda ikateleza kwenye matope, nikaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, ila mkono ukawa haupandi. Kufunga kilemba ilikuwa lazima niinamishe kichwa mpaka magotini. Kutwikwa mzigo ndiyo kabisa, nilikuwa naogopa. Kaka aliniangalia hivyo kwa siku kadhaa. Asubuhi moja akaniita uani.

"Njoo, mushiki wanje." Kwa Kirundi chetu cha nyumbani, ndivyo kaka anavyomwita dada yake. Akanipa mpini wa jembe, mtupu. "Leo unasukuma huu tu."

Nilisukuma mpini huku nikilia. Baadaye akanitafutia bomba la maji. Bega lilipoanza kulainika, akanitengenezea chuma changu chenye makopo madogo ya maziwa ya unga, akisema wakubwa wana chao na mimi nina changu. Majirani walinicheka. Mmoja alimwambia mama kwamba binti yake atageuka dume na hakuna atakayemwoa. Kaka alimjibu kwa upole, "Shangazi, ameshaolewa na mchele," na yule mama akacheka mpaka akasahau alichokuwa anasema.

Kaka alikuwa na mtindo mmoja tu wa kusukuma chuma juu: mikono peke yake. Unakiweka juu ya kifua, karibu na koo. Unakaza tumbo na makalio. Unarudisha kidevu nyuma ili chuma kipite mbele ya uso, kikishapita unaingiza kichwa katikati ya mikono kama mtu anayechungulia dirishani. Magoti hayaguswi. "Ukikunja goti," alikuwa anasema, "umeshaita watu wakusaidie." Alisimama nyuma yangu, viganja vyake chini ya chuma bila kukigusa, nikawa nasikia pumzi yake karibu na sikio. Nilipokwama katikati alisema "panda," taratibu, kama anaongea na ndama. Nami nilipanda.

Kisha baba mkwe wake akafariki huko Burundi. Mke wake hakuwa na ndugu wa kiume, shamba lilikuwa linataka kuingiliwa na watu, na mama mkwe alikuwa peke yake. Sisi wote tulizaliwa hapa Katavi. Hata baba yetu aliletwa akiwa mgongoni mwa bibi wakati wa ukimbizi, na Burundi kwetu ilikuwa ni maneno ya wazee tu. Nilitegemea kaka atakwenda kuzika na kurudi. Alikwenda kuzika, akarudi, akafunga vitu vyake ahamie huko na mkewe. Stendi ya Mpanda tulikuwa tunaongelea mambo ya mabegi na maji ya njiani. Gari lilipowashwa ndipo akashika bega langu la kulia, akalibonyeza kwa kidole gumba kama alivyozoea. "Usiliache lilale," alisema. Akapanda gari.

Niliendelea peke yangu uani. Chuma chake kikubwa nilikigonga saruji kwa nyundo kukipunguza uzito, nikawa nakisukuma kwa mtindo wake uleule. Siku nyingine nilikuwa nakwama katikati, nasubiri lile neno. Nyuma yangu kulikuwa na kuku tu wanaparua. Nilikuwa nakishusha, nakaa juu yake, naangalia njia.

Mwaka jana nilianza kufanya mazoezi mjini pia, kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya samani Kashaulili, kwa kuwa ni karibu na sokoni. Kocha ni mwanamke mtu mzima aliyewahi kuwa jeshini, ana sauti ya gwaride. Aliniangalia nikisukuma, akazunguka akaniangalia kwa ubavuni.

"Nani amekufundisha?"

"Kaka yangu."

"Amekufundisha vizuri. Ila uzito umekuzidi na wewe hutaki kukubali. Magoti hukunji, sawa, lakini unakunja mgongo. Hapo kiunoni hapakuumi?"

Pananiuma, nilimwambia. Palikuwa pananiuma muda mrefu.

"Sasa sikiliza. Uzito mdogo, sukuma kama kaka yako, ni dawa ya bega. Uzito mkubwa, tumia miguu. Unashuka kidogo, magoti tu, kifua kimesimama, visigino viko chini. Halafu unaisukuma ardhi, miguu inakirusha chuma, mikono inamalizia. Mungu hakukupa mapaja ili yapendezeshe gauni tu."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini sikufanya. Nilimwambia nitajaribu kesho. Kesho yake nikamwambia kiuno kimepoa. Akaenda kwa wengine. Ukweli ni kwamba kila nilipoweka chuma kifuani na kutaka kushuka kidogo, nilimsikia kaka, na niliona kwamba nikikunja goti sitamsikia tena. Kwa simu tulikuwa tunapatana mara chache, mtandao wa milimani kwao unakuja na kuondoka. Mtindo wa kusukuma chuma ndicho kitu chake pekee nilichokuwa nacho kila siku.

Kiuno ndicho kilichoamua. Jumamosi moja nilishindwa kuinama kupima mchele, mteja akajipimia mwenyewe. Jumatatu nilikwenda kwa kocha nikamwambia, "Nifundishe." Tulianza na chuma kitupu, shuka, sukuma, shuka, sukuma. Wiki hiyo hiyo ulipanda uzito ambao haukuwahi kupanda hata siku moja. Kocha alipiga makofi. Mimi nilikiweka chini nikatafuta pa kukaa, maana mtu niliyetaka aone hakuwepo.

Jumapili, tulipotoka kanisani, niliegemeza simu kwenye ndoo pale uani nikajirekodi. Nilikunja magoti waziwazi. Nikamtumia kaka, nikakaa nasubiri hukumu. Jibu lake la sauti lilinifikia kesho yake nikiwa sokoni, nikaweka simu sikioni huku nampimia mtu.

"Mushiki wanje, jiko mmeliezeka bati lini? Na ule mpapai mmeukata? Mama amepita pale nyuma, mbona amepungua hivyo? Anakula?"

Nilisikiliza tena na tena. Hakukuwa na neno lolote la chuma. Mchana nikampigia.

"Kaka, magoti hukuyaona?"

"Magoti gani?"

"Yangu. Nimekunja."

Nilisikia mbuzi kwao. "Eh," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia nyumbani. Kwani kilipanda?"

"Kilipanda."

"Bega je?"

"Haliumi. Hata kiuno hakiumi siku hizi."

"Basi kunja." Kisha akacheka kidogo, si kicheko chake. "Mimi tangu nije huku sijashika chuma. Hakuna wa kushika naye. Najitwika maji tu kupanda mlima, kama nyie wanawake. Ningekuwa hapo ningekusimamia nyuma."

"Ningefurahi," nilisema. Ndilo neno nililolipata. Mteja alikuwa anasubiri mchele wake.

Siku hizi chuma chepesi nakisukuma kwa mikono peke yake, kizito nakisukuma kwa miguu, na nimeacha kujiuliza kipi ni chake na kipi ni changu. Ila video ninazomtumia hazina mazoezi tena. Nashika simu nazunguka: jiko, zizi, shamba la mpunga likiwa limejaa maji, njia ya kwenda barabarani. Anataka nitembee taratibu.

Jumapili iliyopita nilimkuta mama anapepeta mchele, nikamwelekezea simu. Alidhani kaka yuko hewani. Alifuta mikono kwenye khanga, akasogeza uso karibu na kioo, akamwuliza, "Uzoza ryari?" Utakuja lini. Akatulia, ametega sikio, anasubiri jibu. Sikumwambia kwamba ni video tu. Niliacha simu iendelee kurekodi.