Shangazi Adolphine Aliyesubiri Ngurumo

Shangazi Adolphine, dada mkubwa wa baba yangu, tulimzika mjini Baraka, kando ya ziwa, mwezi wa pili mwaka huu, na kanisani mpaka leo hakuna aliyeweza kujaza nafasi yake. Nasema nafasi ya sauti. Akisema "amina" kanisani, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule sokoni waliitika.

Mwaka 1999, wakati wa vita, sauti hiyo nusura ituue. Tulikuwa tumekimbilia milimani juu ya Baraka, familia sita katika bonde moja, na askari walipita barabara ya chini karibu kila siku. Katika mbio zile mwanawe Dany alipotea, hatukujua kama yu hai. Shangazi alitaka kumwombea, na kuomba kwa sauti ya chini hakujua.

Papa Raphaël (kwetu "papa" ni baba tu), katekista Mkatoliki aliyetuongoza pale, alimwita.

"Mama Adolphine, Mungu haiko kiziwi."

"Najua, Papa. Lakini iko mbali."

"Basoda nao habako mbali. Amina moja tena, utahamia kwa banyani."

"Basi banyani bataokoka."

Tulicheka, Papa Raphaël hakucheka. Kukaa peke yako na nyani wa msituni, nje ya bonde lile, kulikuwa ni kufa.

Shangazi alijaribu. Aliingiza kichwa ndani ya sufuria kubwa aombe humo. Sauti ikatoka nene zaidi, naye akatoka na ugali kwenye paji la uso. Alijaribu kunong'ona, akakwama kila alipofika kwa Dany. "Jina la mutoto wangu haiwezi kupita mulango mudogo," aliniambia.

Akatafuta maporomoko ya kijito, kelele za maji zimfunike. Lakini ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi, maji yalichuruzika kama kamasi za mtoto. Alikaa pale kila asubuhi, akiomba moyoni ombi moja: "Bwana, leta mvua kwanza. Mengine nitakuambia kukiwa na kelele."

Kimya kile kilimfanyia kitu. Alianza kurudi na habari. Nyasi zimechipua kwenye majivu ya nyika iliyoungua, kabla hata ya tone la kwanza. Mti mmoja umetoa majani mekundu. Mawingu yamekaa juu ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Alikuwa amekonda, ila uso wake ulianza kutulia.

"Miaka arobaini mi naongea tu," alisema. "Kumbe Ye pia alikuwa na maneno."

Katikati ya mwezi wa tisa, mchana, ngurumo ilipasuka juu yetu na mvua ikamwagika. Shangazi alitupa jembe, akasimama katikati ya shamba la muhogo, akaliita jina la Dany kwa sauti yake yote. Mimi niliyekuwa hatua kumi tu nilimsikia kwa shida.

Papa Raphaël alimfuata, amelowa chapachapa. Nilidhani anaenda kumnyamazisha. Kitabu chake cha sala kilibaki Baraka, pamoja na kaburi la mkewe Godelieve.

Alimwinamia sikioni. "Mama Adolphine, nami niko na mutu wangu. Godelieve. Mi sikufunzwa kupaza sauti."

"Sisi Baprotestanti hatuombeaka bafu, batu benye bamekufa, Papa," shangazi alijibu. "Lakini na hii kelele, nani atasikia? Shika mukono yangu."

Waliita wote wawili, Dany na Godelieve, Godelieve na Dany, hadi ngurumo zikasogea upande wa Fizi. Hapo ikabidi shangazi amzibe Papa Raphaël mdomo.