Kifua cha Plasta Siku ya Mahari

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi stima ilipotea Kitengela, nami nilikuwa ndani ya plasta kutoka shingoni hadi mapajani.

Mchongaji mmoja, rafiki wa familia, alikuwa anatafuta kiwiliwili cha mwanamume wa kawaida wa makamo. Nilikubali kwa sababu kwa miaka mingi nimesoma, bila mwalimu, jinsi wasanii wanavyofikiri kwa kutumia mwili, na hakuna kitabu kilichowahi kunionyesha mgongo wangu mwenyewe. Alinizungushia bandeji za plasta kama zile za mguu uliovunjika, zikakauka. Msumeno wake wa kuzikata ulikuwa wa umeme.

"Tungoje tu, mzee," alisema. "Itarudi."

Sikuweza kungoja. Saa tano wageni kutoka Ewuaso Kedong walitarajiwa nyumbani kwangu Isinya, kuzungumzia mahari ya binti yangu. Nilivaa koti pana juu ya plasta, nikalazwa nyuma ya pikapu kama mlango unaopelekwa kwa fundi.

Kijana mwenyewe nilimpenda. Ni mwalimu, na binti yangu alikuwa amenieleza wazi: ana ng'ombe watano. Wa sita itabidi akope, na akikopa hakuna arusi mwaka huu. Nilikusudia kukubali hao watano, kisha tule mbuzi.

Lakini kiuno hakikukunjika. Wageni walikaa, mimi nikabaki nimesimama. Walipoona hivyo, nao wakasimama.

"Keti, mwenye boma," alisema mjomba wa kijana, msemaji wao.

"Niko sawa hivi." Niliona aibu kueleza.

Wakanong'onezana. "Hajaridhika," mjomba alisema. "Watano hatawakubali. Tuseme sita."

Nilifungua mdomo. Kaka yangu, ambaye pia hupata mgao katika mahari, alinibana mkono. "Nyamaza, ndugu. Unafanya kazi nzuri."

"Saba," alisema mjomba alipoona bado nimesimama. Akawageukia wenzake. "Huyu mzee ni mgumu. Hata shingo hageuzi."

Ng'ombe walipofika wanane, kijana alitazama viatu vyake. Binti yangu akatoka jikoni.

"Baba, kama humtaki, sema. Usimsimamie hivyo."

Nikafungua vifungo vya koti. "Namtaka. Nimeshindwa kukaa."

Mjomba alitazama kifua cheupe, akaomba ruhusa, akakigonga kwa rungu. Ko, ko.

"Ulianguka?"

"Hapana. Ni sanaa."

Alifikiri. "Inauma?"

"Inawasha."

Binti yangu alileta msumeno wa kukatia mifupa ya mbuzi. Kijana alinishikilia, binti akakata taratibu juu ya bega na kutoka kwapani hadi pajani, upande mmoja kisha mwingine, huku wazee wa pande zote mbili wakitoa maelekezo kama watu wanaomzalisha ng'ombe. Vipande viwili vilianguka nyasini. Nikakaa. Kila mtu akakaa.

"Watano wanatosha," nilisema.

"Wanane wameshatajwa," kaka alipinga. "Neno halirudi."

"Wanane tuliipa plasta," mjomba alisema. "Nayo haina binti."

Kaka hakugusa nyama. Alitoa simu, akampigia mtu wa soko la Kajiado kuuliza bei ya ng'ombe, kisha akanitangazia mbele ya wakwe hasara niliyoiletea familia: shilingi laki moja na themanini elfu.