Msumari wa Pembeni mwa Dirisha

Kaka yangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Misumari. Jina hilo hakulipata bure. Pale ambapo fundi mwingine angepigilia msumari mmoja, yeye hupigilia mitatu. Miaka thelathini anafanya kazi hivyo, na ukimkosoa anakununia wiki nzima.

Mwaka huu aliiongezea nyumba yake ya mbao ghorofa moja, na chumba cha juu akanipa mimi, mdogo wake, kiwe chumba cha kushonea. Nilikuwa nimechoka kushonea barazani, mvua ikinyesha nakimbia na kichwa cha cherehani kifuani. Lakini chini ya chumba hicho ndipo anapolala mkewe. Wifi yangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Saa tatu asubuhi, watu wanapoanza kazi, yeye ndiyo kwanza anavuta shuka.

"Wifi, nakupenda," aliniambia, "ila nikiisikia hiyo cherehani, ama kaka yako amwage zege huko juu, ama urudi barazani."

Zege kaka hataki hata kulisikia. Maboriti yote aliyaokoa kwenye ghala lililobomolewa, mbao ngumu zilizokuwa zinaelekea kuwa kuni, na uzito wa zege yasingeuhimili. Sponji za dukani za kuzuia sauti nazo alizikataa, eti zikichakaa hazina pa kwenda ila jalalani. Kumbe jicho lake lilikuwa kwenye mabaki yangu ya vitambaa, ambayo siku zote nilikuwa nayachoma.

Tulishindilia magunia kumi na moja ya mabaki hayo kati ya maboriti. Juu ya maboriti akalaza vipande vya tairi kuukuu, na juu ya tairi mbao za sakafu, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe bila kupigiliwa chini. Misumari, bila misumari! Nilimtania mpaka akacheka.

"Mpira unaumeza mshindo," alinieleza. "Msumari ukigusa boriti tu, kelele imepata ngazi ya kushukia."

Siku ya majaribio wifi alirudi kutoka kazini, akajilaza na ufagio mkononi. Akisikia kitu, agonge dari. Nilikaa kwenye cherehani, nikaanza kukanyaga. Sijamaliza hata pindo, ufagio ukagonga: ko, ko, ko.

Nilitaka kulia, sifichi. Kaka alipiga magoti akakagua ubao kwa ubao. Alipofika pembeni mwa dirisha akajikuna kisogo.

"Kaka, kuna nini?"

"Hapa jana palikuwa panalialia," akasema bila kuniangalia. "Nikapiga kamoja tu."

Kamoja! Msumari wa inchi nne, umepita ubao, umepita tairi, umezama kwenye boriti. Kaka niliyemheshimu maisha yangu yote nilimtolea maneno ambayo siyaandiki hapa. Aliung'oa kwa koleo, akasukumia kipande cha tairi chini ya ubao, akamwambia mkewe kupitia dirishani kwamba tunaanza upya.

Nikakanyaga. Nikamaliza pindo, nikashona mkono, nikaunga kiuno. Ufagio kimya. Nikakanyaga kwa makusudi, kwa nguvu zote, moyo unanidunda kuliko cherehani yenyewe. Kimya. Kaka alikuwa amekaa sakafuni, msumari ameufumbata kwenye ngumi, anatabasamu peke yake. Hatukuthubutu kushuka, tusije tukaiharibu bahati.

Saa kumi alasiri mlango ulifunguka. Wifi alisimama pale na ufagio wake, alama za mto zimejaa shavuni. Nilikuwa nakata uzi wa mwisho wa gauni zima.

"Nyie nanyi," akasema, "mnaanza saa ngapi? Nimewasubiri mpaka usingizi umenipitia."