Bwana Kofia wa Olenguruone

Dalmas, fundi wa mbao wa mtaa wa Free Area, Nakuru, ana magazeti ya wanaume mia tatu na ushee, yote ya miaka ya sitini, sabini na themanini. Msikimbilie kumwazia mabaya. Mkewe, Nabalayo, alishamwazia kabla yenu, akayakagua moja moja kutwa nzima, akakuta suruali pana chini, mabondia, pikipiki na matangazo ya mafuta ya nywele. Tangu siku hiyo amemwachia wazimu wake. Sharti la nyumba ni moja tu: hakuna kulamba kidole ukifungua kurasa.

Wazimu wenyewe una chanzo. Baba yake Dalmas, Okeyo wa reli, alifariki mwanawe akiwa na miaka minne, na picha zake zote zikaozeshwa na mvua. Mama alikuwa akisema, "Baba yako alitoka kwa magazine, amevaa kofia, ameegemea baiskeli." Gazeti gani, mwaka gani, hakukumbuka. Basi Dalmas ametafuta miaka ishirini, na kila kofia aliyoiona ilikuwa juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Mwezi wa nne rafiki yake Kemboi, anayenunua viazi huko juu, akampigia simu. "Boss, hapa Olenguruone kuna mama amebandika magazine zako ukuta mzima. Kuja uone."

Baridi ya milima ya Mau hupenya kwenye nyufa za nyumba za mbao, na watu wa zamani walizoea kuziziba kwa kurasa na gundi ya unga wa ngano. Chepkirui, mjane mwenye nyumba, alimkaribisha chai. Dalmas hata hakuigusa. Kando ya dirisha alisimama kijana mwenye kofia, ameegemea baiskeli, na chini yake pameandikwa: Okeyo, mfanyakazi wa reli, Nakuru. Dalmas aliketi pale pale sakafuni, akalia bila aibu.

"Huyo ni Bwana Kofia," Chepkirui akasema. "Mzee wangu alimbandika tukioana. Tangu mzee aende, huyu ndiye mimi husalimia asubuhi. Sasa wewe unamlilia nini?"

"Ni babangu, mama."

Alijaribu kuubandua ukurasa kwa ukucha, ukaanza kuchanika. Gundi ya miaka hamsini si mchezo. Akaachia haraka.

"Kwani wewe si fundi wa mbao?" Chepkirui akamuuliza. "Ng'oa ubao wote, uende naye. Lakini usiniachie hapo wazi, baridi itaniua. Na nitaongea na nani?"

Jumamosi Dalmas alirudi na ubao mpya, pamoja na gazeti lake la thamani kuliko yote. Yeye huyo huyo, mkali wa vidole vya watu, akachana ukurasa kwa mkono wake, akambandikia mama bondia mmoja aliyevaa suti.

Chepkirui akamtazama bondia juu hadi chini. "Huyu anajivuna. Lakini tutazoeana." Kisha, Dalmas akiwa mlangoni na ubao wa zamani kwapani, akamwambia, "Msalimie asubuhi. Amezoea."

Nyumbani waliuegemeza ubao ukutani sebuleni. Nabalayo akauinamia. "Ona, babako ni mdogo kuliko mwanetu Maxwel," akasema.

Kesho yake, kabla ya chai, Dalmas alisimama mbele ya kijana wa ubaoni, akajinyoosha kola ya shati. Ana miaka hamsini na minne.

"Habari ya asubuhi, baba."