Risasi Kumi za Khalfan

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bunduki hata moja. Raqib wa ghala la silaha la walinzi, yaani sajenti aliyekuwa msimamizi wetu, alinipa ndoo ya maganda matupu ya risasi, kitambaa na kigoda, akanifungia mlango. "Yafute, kisha yahesabu," akasema. "Ukimaliza gonga." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimefika Maskati kutoka Unguja si zamani, Kiarabu changu cha kubabaisha, na nyumbani nilikuwa nimeshajitapa kwamba nimepata kazi ya silaha. Silaha gani! Nilifuta maganda mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilipogonga akaniuliza ni mangapi, nikamwambia, akasema, "Hesabu tena." Yeye mwenyewe hakuwa ameyahesabu. Alitaka kuona kama nitakasirika, na nilikasirika kwelikweli.

Nnayaandika haya kwa ajili ya vijana wa klabu ya shabaha ninaokutana nao Ijumaa. Kila wiki swali ni lile lile: "Ami Seif, bastola ya kubeba kwa kujilinda, bora risasi ya kiwanda au ya kufunga mwenyewe?" Hapa kwetu kubeba bastola si jambo la mtu kujiamulia, kuna sheria na vibali, lakini wao wameshaangalia video na kila mmoja ni bingwa. Nnawajibu, ya kiwanda, kisha nnanyamaza. Wanadhani mzee ameishiwa. Sikuishiwa, yakhe. Nnanyamaza kwa sababu nikiendelea itabidi nimtaje mtu.

Ghala letu la kwanza lilikuwa upande wa Sidab, nyuma ya kilima, chumba cha mawe chenye dirisha dogo la nondo. Kazi ya fundi wa silaha ni ya upweke, na hilo hakuna aliyenambia mapema. Mlango unafungwa kwa ndani. Haruhusiwi mtu kuingia bila ya sababu iliyoandikwa. Unakula peke yako maana chakula hakiingii na baruti chumba kimoja, kwa hiyo wewe unatoka wenzako wameshamaliza. Nyumbani ukiulizwa umefanya nini leo, unasema kazi tu. Miaka ikienda hivyo, mtu unasahau hata kupiga soga.

Raqib alikuwa Mzanzibari mwenzetu, mtu wa Malindi ya Unguja, mkali, na mapenzi yake ulikuwa huyaoni mpaka umwage kitu, hapo akainama kukuokotea. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga risasi kwa mkono. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki inayokaa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa cha risasi juu, ndicho kinachoruka. Ukishapiga, ganda linabaki. Unalisafisha, unalinyoosha kwenye mashine ya mkono, unatia fataki mpya, unapima baruti kwenye mizani, unatia kichwa. Tulikuwa tukifunga za mazoezi tu, kwa sababu mizigo ya kiwanda ilikuwa ikichelewa na walinzi lazima wapige shabaha kila wiki.

Alikuwa na sharti moja ambalo kwengine sikuliona. Maganda yanapangwa kwenye kibao chenye matundu hamsini, na kutia baruti ni kazi isiyokatika katikati. Adhana ikikukuta umefika nusu, una njia mbili: umalize kibao chote ndipo uende ukasali, au uyapindue maganda yote, baruti irudi koponi, na ukirudi uanze mwanzo. "Sala ya mtu mwenye haraka na risasi ya mtu mwenye haraka, zote mbili zina kasoro," alikuwa akisema. "Usiniambie ulikumbuka ulipofika. Hakuna anayekumbuka." Mie nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, kwa sababu nilikuwa nakumbuka kila siku.

Baada ya miaka sita nikahamishiwa kiwanja cha shabaha cha Sib, kisha Bustan, kwenye kikosi kilichokuwa kikilinda wageni waliokuja kwenye hoteli kubwa. Huko mkubwa wetu alikuwa Naqib, cheo cha kapteni, mtu wa Ndani, yaani bara ya Omani, mfupi, asiyekunywa chai yenye sukari wala kurudia neno. Kwake risasi za mkono zilikuwa za mazoezi, khalas, basi. Ya kubeba kiunoni lazima itoke kwenye boksi la kiwanda lililofungwa. Siku moja nikajitia ujasiri, nikamwambia risasi zangu zinapiga karibu zaidi na alama kuliko za kiwanda. Akanijibu kwa Kiarabu, nami nnaandika kwa lugha yetu.

"Nnaamini. Lakini ya kiwanda ikikosea, nnatazama boksi, nnasoma namba ya fungu, na kiwanda kina nyingine za fungu lile lile, zinapimwa. Yako ikikosea nimpelekee hakimu nini? Nikupeleke weye?"

"Na isipokosea, sidi?"

"Isipokosea ndiyo mbaya zaidi. Mlinzi wangu amempiga mtu, na haki ni yake. Ataulizwa: wenzako wote wametosheka na risasi waliyopewa, wewe ulitaka nini cha ziada? Akae ajibu hilo maisha yake yote?"

Nilisema naam sidi, nikatoka. Nilijua ana haki, na bado nilinuna wiki nzima.

Sasa nimtaje. Khalfan alikuwa mlinzi, tumetoka mtaa mmoja Unguja, na mshika bastola bora kuliko wote kikosini. Katika kikosi kizima yeye peke yake ndiye aliyekuwa akija kunigongea. Alikuwa akiniletea mkate wa kumimina wa mamaake, tukila nje ya ghala kwenye kivuli cha ukuta, na akinitania kwamba mke wangu ataniacha kwa kunuka mafuta ya bunduki. Nilikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, lakini kwa mazungumzo, ndugu yangu alikuwa yeye.

Kiangazi kimoja kiyoyozi cha ghala la Bustan kiliharibika, na joto letu mnalijua. Risasi za kiwanda zikapikwa humo wiki kadhaa, na unyevu wa bahari juu yake. Kwenye mazoezi, bastola ya Khalfan ikalia tk, risasi isitoke. Akaweka nyengine, tk. Ya tatu, tk. Naqib akaamuru shehena yote iharibiwe, na mpya ikaletwa na kiyoyozi kipya. Jambo likaisha kwa kila mtu ila Khalfan.

Siku mbili baadaye, mchana, alikuja kunigongea. Kesho yake asubuhi alikuwa anatoka na msafara wa mgeni mkubwa, siku nne kwenye njia za milimani.

"Seif, nifungie kumi zako."

"Wacha wazimu. Zimekuja mpya, za boksi."

"Na zile za mwanzo zilitoka wapi, sokoni? Yakhe, weye hujui. Umeinyoosha bastola, umebana, unasikia tk. Mkononi huna kitu. Tangu siku ile silali vizuri. Zako nimepiga miaka, haijakataa hata moja."

"Naqib akijua?"

"Atajuaje? Nnakuomba. Kwa ajili ya watoto wangu."

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo. Mtu anakwenda na roho yake njiani, na katika dunia nzima anaamini mkono wangu tu. Nikamwambia apite baada ya laasiri.

Nilizifunga zile kumi pamoja na za mazoezi, kwenye kibao kimoja, za mstari wa kwanza. Nilikuwa nishaanza kutia baruti, ikaadhiniwa laasiri. Msikiti uko hapo hapo ukutani, imamu hachelewi, na nilikuwa na haraka. Nikaacha kibao kama kilivyo. Nikasali, nikarudi, nikaendelea pale nilipokumbuka nimefikia. Nikatia vichwa, nikazifunga kumi kwenye kitambaa. Khalfan akapita, akazitia mfukoni, akanibusu bega. Wakati ule ule akaitwa, msafara umetakiwa utoke leo leo, si kesho. Akaondoka mbio.

Kabla ya kufunga ghala hupimwa baruti iliyobaki koponi. Nikapima. Ikapungua. Nikapima tena, ikapungua vile vile, kiasi cha ganda moja. Nikazipima zile za mazoezi moja moja, zote sawa. Maana yake, kama mizani haisemi uongo, kuna ganda limetiwa baruti mara mbili, na liko katika zile kumi. Risasi yenye baruti mara mbili haimwendei adui. Inaipasua bastola mkononi mwa aliyeishika.

Nilikaa juu ya kigoda. Redio ya kuita msafara ilikuwa moja, ofisini kwa Naqib. Nikinyamaza, huenda Khalfan asipige hata risasi moja siku nne, walinzi wengi wanamaliza miaka hawajapiga, akarudi, nikamnyang'anya, tukacheka. Nikisema, nimemmaliza yeye na nimejimaliza mwenyewe. Nilifikiri mkono wake wa kulia. Nikafikiri na uso wake, kwa sababu bastola ikipasuka haichagui. Nikafunga ghala, nikaenda.

Naqib alinisikiliza bila ya kunikatiza.

"Aliomba yeye, au ulimpa weye?"

"Aliomba. Nikampa."

"Uliacha kibao katikati?"

"Naam, sidi."

Akainua redio. Msafara ulikuwa umeshafika Fanja, umesimama kutia petroli. Mkubwa wa msafara akamvua Khalfan bastola pale pale, mbele ya wenzake na mbele ya mgeni, akampandisha gari la kurudi Maskati. Naqib akaweka redio chini. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema, "na umefanya vibaya kila kitu chengine."

Asubuhi akatuita sote wawili ghalani. Akanambia nizifungue zile kumi mbele ya Khalfan, moja moja, nipime baruti yake, niseme kwa sauti. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Nilipofika ya saba nilianza kuomba, na Mungu anisamehe, nilikuwa naomba nikute mbovu. Ya nane sawa. Ya tisa sawa. Ya kumi nikaipima mara tatu, na mara tatu ikawa sawa.

Upungufu wa kopo ulitoka wapi, mpaka leo sijui. Labda nilimwaga, labda asubuhi nilisoma mizani vibaya. Khalfan alikuwa amesimama wima, macho ukutani.

"Umeziona?" akaniuliza.

"Nimeziona."

"Zote nzima."

"Zote."

Akageuka, akatoka. Yeye alitolewa kwenye misafara, akawekwa getini kuandika namba za magari, yeye, mshika bastola bora wa kikosi. Mie nilivuliwa cheo, nikatolewa kwenye kufunga risasi, nikarudishwa kwenye ndoo na kitambaa. Nilijaribu kumfuata getini mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza namba ya gari. Mara ya pili aliniuliza tena.

Naqib alistaafu, akaja mwengine, na mwengine. Nilirudishiwa cheo, nikafundisha mafundi wengi, na kila mmoja nilimlazimisha kupindua kibao akisikia adhana. Walinicheka kimoyomoyo, nilikuwa nnawaona. Sikufunga tena hata risasi moja ya mtu kubeba. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani na picha ya pamoja, na nilipoitazama ile picha nyumbani nikaona sina wa kumpigia simu kumwambia leo nimemaliza. Mke wangu alikuwa ameshatangulia. Watoto wako Dubai na Uingereza, wananipigia, wananiuliza nimekula nini.

Mie na Khalfan sote tukawa tunakaa Sib, mitaa miwili kati yetu, msikiti mmoja. Miaka zaidi ya thelathini ni salaam alaykum, alaykum salaam, na kila mtu anatazama viatu vyake. Salamu ya dini mtu hawezi kumnyima mwenzake, ndiyo iliyotubakia.

Mwaka jana bintiye akanipigia. "Ami Seif, baba yuko hospitali. Anakutaja." Nilikwenda saa ile ile. Nilimkuta amekwisha, mikono imebaki mifupa. Akanambia nikae.

"Zile risasi," akasema, hata hatujaulizana hali. "Walipokuja kunivua bastola niliwaambia, mnajisumbua, hizo nzima. Niliwaapia. Na zilikuwa nzima."

"Zilikuwa nzima, Khalfan."

"Mie geti halikunikera. Kilichoniuma, mkono wako mie nimeuamini, weye mwenyewe hukuuamini."

Ningeweza kumpa mgonjwa neno la kumpoza. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia kweli.

"Mpaka leo siuamini."

Akaniuliza, "Na nikikuomba kumi leo?"

"Ntakupa boksi la kiwanda."

Alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja mbio kunitolea macho. "Lo! Mbishi huyu," Khalfan akamwambia muuguzi, "hajabadilika hata kidogo." Kisha akanishika mkono. "Njoo kesho, Seif. Nimechoka kukaa peke yangu."

Nilikwenda kesho yake, na siku tisa mfululizo. Tulizungumza kila kitu, Unguja, mamaake, Raqib na ukali wake. Siku ya kumi bintiye akanipigia alfajiri kunambia nisende hospitali, niende nyumbani kwao, maziko ni baada ya adhuhuri.

Basi vijana, jibu langu ni lile lile, ya kiwanda, na sasa mnajua linavyonigharimu kulisema. Kama ningerudishwa jioni ile, na kopo limepungua, ningekwenda tena kwa Naqib. Ningempoteza Khalfan tena, miaka ile ile, kwa risasi kumi nzima.