Sombe Iliyoiva Njiani

Juzi niliona kamio, lori kubwa, ikipanda mulima na mafungu ya sombe, majani ya muhogo, yamening'inizwa mbele, nikakumbuka muchana ule tulipotoka Kashebere. Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa, tunamukimbiza hospitali ya Kirotshe, na kamio yetu ilikuwa inavuta gari ya jipu iliyokufa. Kila tukipanda, maji ya injini yalichemka. Shofere Kasereka, namutaja kabisa jina, alimwaga maji mengine huku akitukana jipu: "Ni hii jipu njo inatuua!"

Mimi, mutoto mudogo, nilisikia harufu ya sombe ya moto, nikafurahi.

"Mama, Papa shofere anatupikia!"

Mama akaacha kulia. "Kasereka! Sombe yako iko wapi?"

Kumbe aliifunga mbele ya kamio, mafungu makubwa ya kwenda kuuza, yakaziba radiatere, upepo wa kupoza injini haupiti. Leo najua jipu iliongeza uzito tu. Tamaa ya Kasereka njo ilitaka kutuulia mama. Akaitupa sombe yote kwenye matope, mushale wa kupima joto ukashuka, tukafika. Mimi nililia sababu ya chakula.

Basi juzi nikamupigia shofere wa ile kamio ya mulimani kelele: "Papa, toa hiyo sombe, injini ipumue!" Dada yangu niliyekuwa naye, yule aliyezaliwa Kirotshe jioni ile, akacheka, na kamio iliposimama akaenda kumusaidia kufungua kamba.