Jiwe la Kwenye Beseni

Ukitaka kupandikiza tumbawe jipya kwenye tangi la samaki la maji ya chumvi, usiwe na haraka. Kausha kitako chake, tia gundi, libane juu ya mwamba hadi lishike, litashika tu. Harufu ya ute wake, hapa sebuleni kwangu Bariadi, hunirudisha utotoni Kalemela, kwa bibi, kando ya ziwa.

Nilikuwa nimeokota jiwe lenye utelezi ziwani, nikaliweka kwenye beseni la maji. Asubuhi beseni lilikuwa kavu, na mdogo wangu mchanga alikuwa amekataa kunyonya.

“Wewe! Umechukua cha ziwa bila kuomba?” bibi alinikemea. “Kakirudishe, mtoto anakauka!”

Nilikimbia nalo kifuani hadi ziwani. Lilikuwa na joto. Nilipolizamisha tu, kilio cha njaa cha mdogo wangu kikasikika kutoka nyumbani.